Mtu Aliyeyapa Magoli Mgongo

Katika miaka yote aliyoifuata timu ya chuo chetu, CT hakuona goli letu hata moja. Simsingizii, mwenyewe alijisifia jambo hilo. Mpira ukishavuka katikati ya uwanja kwenda upande wa wapinzani, watu wote wakasimama na kupaza sauti, yeye alibaki amewakodolea macho mabeki wetu wanne walioachwa nyuma bila kazi. Kelele zilipotulia alimgeukia aliye karibu naye na kuuliza, "Kumbe tulifunga? Nani?" Akijibiwa alisema "Vizuri," kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake amepata mgeni, kisha akarudi kwenye kaye yake, daftari asiloachana nalo.

CT ni cheo. Katika vyuo vyetu vya Kongo ni mwalimu aliye juu ya msaidizi na chini ya profesa, na mwalimu akikaa na cheo hicho muda mrefu, jina lake humezwa nacho. Huyu wetu alifundisha takwimu. Alikuwa mrefu, mwenye koti la kahawia alilolivaa hata kwenye joto la Uvira la saa nane mchana, na viatu vya mpira vya mvua mwaka mzima, kiangazi kwa mvua. Nyumba yake ilikuwa karibu na mto Mulongwe, unaojulikana kwa mafuriko. Tulipomcheka kwa viatu vile kwenye jua kali alitujibu, "Mulongwe ikitaka kushuka, aitumaka barua."

Nikiri mapema: habari zake naziandika kwa wivu, na msomaji asije akashangaa mbele ya safari. Yeye mwenyewe sikumwonea wivu. Nani angetaka koti lile? Nilichokitaka ni macho yake. Mtu ambaye hata goli halikumgeuza kichwa, nilitaka aniangalie mimi, aridhike, na asimwangalie mwingine. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na sikutaka kitu kingine duniani kama nilivyotaka hicho.

Neno lake lilikuwa "Mara ngapi?" Ukimwambia umekosa somo kwa sababu ya malaria, mara ngapi? Ukimwambia msichana fulani anakupenda kwa kuwa huwa anakusalimia, mara ngapi? Kanisani, mchungaji akisema Bwana ametutendea mema mara nyingi, CT alinong'ona neno lake na mkewe akamfinya paja. Mke mwenyewe ndiye aliyetusimulia, akicheka hadi akashika ukuta.

Lakini mtu huyu huyu, aliyejua golikipa wetu ametema mate mara ngapi katika kipindi cha kwanza, hukuweza kumtoa idadi ya watoto wake. "Bako ku nyumba," alijibu. Ukimbana, "Bote bako." Wazee wetu hawapendi watoto wahesabiwe, hilo tunalijua sote, ila nilidhani msomi wa takwimu ameshavuka mambo hayo. Siku moja nikamtania, "CT, si ni namba tu?" Uso wake ukabadilika. "Mutoto si mupira," alisema, na hakuzungumza nami hadi mwisho wa juma. Sokoni alikuwa vilevile. Alinunua ndagala, dagaa wa kwetu, bila kutazama kopo la kupimia, akaweka mfukoni alichorudishiwa bila kukiangalia, na akina mama wauza samaki walimpenda kama ndugu yao. Mpira wenyewe alisema haupendi. "Minye napendaka batu benye banazuia," alisema. "Benye banafunga, bako na batu mingi ya kubapenda."

Sasa niueleze uwanja, kwa sababu bila uwanja huwezi kutuelewa. Upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni ziwa, na ardhi imeinama kuelekea ziwani. Kwa hiyo sisi hatukusema beki wa kulia na beki wa kushoto. Tulisema beki wa mulima na beki wa ziwa. Wakati wa mapumziko timu zilibadilishana magoli, lakini beki wa ziwa alibaki wa ziwa: kipindi cha kwanza kulia, cha pili kushoto, na akili yake haikusumbuka kwa sababu aliinua macho tu akaona maji. Hivyo ndivyo walivyocheza waliotutangulia, na hatukuwahi kujiuliza kama kuna timu nyingine duniani inayofanya hivyo.

Mimi nilikuwa beki wa ziwa. Nilikuwa na mbio na sikuwa na huruma. Mshambuliaji akipita, nilimfuata, nikajitupa chini, nikautoa mpira ukabingirika mteremkoni hadi kwa wanawake wafuao nguo, na watu wakapiga makofi wakati unakwenda kuletwa. Makofi yale yalinilevya. Nilikuwa nikiinuka na vumbi langu na kutazama kwanza ukingo wa upande wa mlima, mahali aliposimama CT, kuona kama kalamu yake inatembea. Ilikuwa ikitembea.

Kila Jumatatu asubuhi alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha takwimu. Ilikuwa na majina ya mabeki tu, mmoja chini ya mwingine, bila maelezo. Washambuliaji walilalamika kwamba hawaandikwi, akawaambia watafute mwalimu wao. Kocha wetu, mtu mwema asiyependa ugomvi, alikuwa ameamua kwamba atakayekaa juu ya karatasi ile mara nyingi ndiye atakayevaa kitambaa cha kapiteni mwaka unaofuata. Mwaka wangu wa kwanza wote, kabla kocha hajaweka sharti hilo, nilikuwa wa juu. Nilipita kwenye mlango ule hata siku nisizokuwa na somo, nikajifanya natafuta kitu mfukoni, nikalisoma jina langu.

Halafu akaja Josué. Alitoka Katogota, kwenye bonde la Ruzizi, kwao wakulima wa mpunga, na alikuja na viatu vya kuazima vilivyomzidi. Alikuwa mpole kiasi cha kuudhi. Kocha akampa upande wa mlima. Sikumjali hata kidogo, kwa sababu hakukimbia. Alitembea, akasogea hatua mbili huku, hatua tatu kule, akasimama. Nilidhani hataimaliza miezi miwili.

Mwezi haukuisha, nikakuta jina lake juu ya langu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa CT kumwambia karatasi ina kosa. "Aiko na kosa," alisema bila kuinua kichwa. Juma lililofuata nikahesabu mwenyewe, kichwani, huku nacheza: mipira kumi na minne niliyonyang'anya. Josué alinyang'anya minne. Jumatatu, Josué juu, mimi chini yake. Nilisimama mbele ya mlango ule na masikio yangu yakawaka moto. Nilianza kuchukia namna alivyofunga kamba za viatu. Nilichukia alivyokula bugali taratibu, akifinyanga kila tonge kama ana siku nzima. Siku moja ya mvua niliwaona wawili wakitoka chuoni chini ya mwavuli wa CT, CT anaongea, Josué anaitikia kwa kichwa. Mimi sikuwahi kuingia chini ya mwavuli ule. Niliwafuata hatua kumi nyuma bila kujifunika, nikalowa hadi mifupa, nikitumaini CT atageuka anihurumie. Hakugeuka, na nilipata mafua ya juma zima.

Kaye yake hakumruhusu mtu kuishika, ila siku moja aliitwa ghafla ofisini akaiacha mezani. Niliifungua bila aibu. Kila beki alikuwa na ukurasa wake na kila ukurasa ulikuwa na safu nne. Tatu ziliandikwa vichwa: amenyang'anya, amekata njiani, amepitwa. Ya nne haikuwa na kichwa, ilikuwa na nukta tu. Kwenye ukurasa wangu safu ya kwanza ilijaa hadi ukingoni, na ile ya nne ilikuwa karibu tupu. Kwenye ukurasa wa Josué safu ya kwanza ilikuwa maskini kabisa, ila nukta zake zilijazana kama ndagala kwenye turubai.

CT alinikuta nimeinama juu ya kaye. Hakunikemea. Akaketi, akavuta kaye, akaniuliza kama nimeelewa.

"Sielewe, CT. Hii safu ni ya nini?"

"Ni mara yenye beki iko fasi yake na akukufanya kitu."

"Akukufanya kitu? Unamwandikia mtu aliyesimama bure mahali pake?"

"Mushambuliaji anainua macho, anaona Josué, anaona njia imefungwa. Anarudisha mupira nyuma. Nani anapiga makofi? Hakuna. Nani ataandika ile? Basi minye njo naandika." Akageuza ukurasa hadi kwangu. "Weye unakimbiaka mingi. Ukinyang'anya mupira batu banafurahi, na minye naandika. Kisha najiuliza: mbele ya kukimbia, alikuwa wapi?"

Nikamuuliza mimi nina nukta ngapi. Akasema nihesabu mwenyewe. Zilikuwa sita, za msimu mzima.

Mtu mwenye akili timamu angeshukuru kwa somo hilo. Mimi nilikasirika. Nilijiambia kwamba mzee huyu amezeeka, kwamba anampa mtu sifa kwa kusimama kama mlingoti. Mechi iliyofuata nikaamua nami nisimame. Nilisimama vizuri sana, mikono kiunoni, na tukafungwa mawili kupitia upande wangu kabla ya mapumziko. Kocha alikuwa karibu kulia. CT alinipitia mwishoni akasema kwa upole, "Ulisimama kweli. Ila aukukuwa fasi yako." Wenzangu walilifanya neno hilo wimbo kwa majuma mawili.

Nifike sasa kwenye jambo lenyewe, ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Tulialikwa kucheza Katogota, kwao Josué. Tulikwenda na lori, tukapokewa vizuri. Baba zake wadogo walikuwa wameketi mstari wa mbele na mashati yao ya Jumapili. Ndipo kosa letu la siku zote likatukuta. Kule bondeni hakuna ziwa. Ukiinua macho upande wa magharibi, mlima, ule wa kwetu. Upande wa mashariki, ng'ambo ya Ruzizi, mlima tena, wa Burundi. Kipindi cha kwanza nilikwenda vizuri kwa sababu kocha alinionyesha kwa kidole. Kipindi cha pili, magoli yamebadilishwa, mpira unakuja kwa kasi, nikainua macho nitafute maji, nikaona mlima. Nikadhani niko upande usio wangu. Nikakimbia kuvuka uwanja mzima hadi upande wa pili. Huko nikamkuta Josué, ametulia, mahali pake. Tukatazamana. Winga wao akapita kule nilikotoka peke yake, akafunga akitembea.

Kocha alikuja mbio akipiga kelele, "Nani aliacha fasi yake?" Na mimi, kabla hata sijavuta pumzi, nikasema, "Ni Josué. Alihama ju ya kujionyesha kwa bandugu yake."

Nilisema hivyo mbele ya baba zake wadogo. Kocha, ambaye alikuwa akitazama mpira kama watu wote, aliniamini. Alimtoa Josué nje, akamkemea pale pale, mbele ya mashati yale ya Jumapili. Josué aliniangalia mara moja tu. Hakujitetea. Alikwenda kuketi chini kwenye majani, na mmoja wa baba zake wadogo akainuka akaondoka.

Mtu mmoja uwanjani alikuwa hatazami mpira. Nilijua hivyo wakati maneno yangali mdomoni mwangu.

Kwenye lori, wakati wa kurudi, CT alikuja kuketi karibu nami. Toka nimfahamu nilikuwa nimengoja siku atakayochagua kuketi karibu nami. Barabara ilikuwa mbovu, lori likaturusharusha hadi karibu na Sange. Kisha akasema chini chini, mimi tu nisikie, "Josué alikuwa fasi yake. Weye, mara moja, aukukuwa. Mara moja ni kidogo." Basi. Hakumwambia kocha, leo wala kesho. Nilidhani angekasirika, na nilitaka akasirike, kwa sababu mtu humkasirikia anayemjali. Lakini aliuchukua uongo wangu akautia katika hesabu, akauona mdogo, akausamehe. Hata msamaha wake niliuonea uchungu.

Jumatatu karatasi ilibandikwa kama kawaida, Josué juu. Kocha alishangaa, akakuna kichwa, lakini alikuwa mtu wa kushika neno. Mwisho wa mwaka kitambaa kikafungwa kwenye mkono wa Josué. Nilipiga makofi pamoja na wengine, na nilipofika nyumbani niligombana na mama yangu kwa ajili ya chumvi.

Maisha yakaendelea. Chuo niliapa sitakipita tena, na kwa kweli nilipita njia nyingine. Leo nina meza yangu Kavimvira, karibu na mpaka, nawajazia wafanyabiashara karatasi za forodha. Josué alirudi kwao, anafundisha sekondari. Namba yake ninayo. Kila Mwaka Mpya ananiandikia salamu ndefu, anataja watoto wangu kwa majina. Huwa namjibu "Asante, nawe pia."

Mwaka huu, asubuhi moja, nilimwona CT akija kati ya pikipiki na wabadilisha pesa, mrefu vilevile ingawa bega moja limeshuka. Ameshastaafu. Niliinuka nikampa kiti changu.

"Jambo, CT."

"Jambo sana, mutoto wangu. Kazi inaenda?"

"Inaenda. Mama iko muzima?"

"Iko. Bote bako."

Akaeleza bila kupoteza muda. Chuo kinaanzisha timu upya, kocha wetu alishafariki, na wamemwomba yeye asimamie. Amekubali, ila mabeki wanahitaji mtu wa kuwafundisha kwa miguu, na yeye ya kwake imechoka. "Nimekuja kukuomba weye," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Mimi? Nilimtazama usoni kama kuna mzaha. Hakukuwa na mzaha. Miaka yote ile, hatimaye macho yale yalikuwa juu yangu, na hakuna mwingine aliyesimama karibu. Nilijisikia mwepesi kama mtoto aliyetajwa wa kwanza darasani.

Kisha akauliza, "Uko na numero ya Josué?"

Nilijua hadithi hiyo: nitaitwa mimi kwanza, halafu ataitwa yeye, na jioni ya siku ya kwanza jina lake litakuwa juu.

"Apana, CT," nikasema. "Ilipotea na simu ya zamani."

"Basi andika, nikupe."

Akatoa kipande cha karatasi mfukoni, akaanza kunisomea, tarakimu moja moja, polepole. Sikuwa na la kufanya. Nilibonyeza. Tarakimu chache kabla ya mwisho, simu ikafanya kazi yake kama simu zote: jina likajitokeza lenyewe juu ya kioo, kwa herufi kubwa, Josué, pamoja na picha yake. CT alikuwa ameinama juu ya bega langu kuhakikisha naandika sawasawa. Aliliona. Akaacha kusoma, akakunja karatasi yake.

"Basi iko," alisema. Akairudisha karatasi mfukoni. "Mupigie. Ye njo alinituma kwako. Minye nilikuwa nimeenda kwake kwanza, akasema pasipo weye haiwezekani."

Nilipiga. Josué aliitika mlio wa kwanza, kama mtu aliyekuwa ameshika simu mkononi tangu asubuhi.

"Kaka! CT alifika? Niambie ulikubali. Kaka, ulikubali?"

Nikasema ndiyo, nimekubali. Akashangilia hadi CT akamsikia, akatabasamu akitazama pikipiki. Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Na nisidanganye tena: katikati ya haya hiyo wivu ulikuwepo, mzima kabisa, kwa sababu hata kwa wema alikuwa amenitangulia.